Nguvu za farasi 102, mwendo wa 80

Mwezi wa kwanza na pikipiki kubwa ya safari, kutoka Kigali hadi Kahama

Ujumbe wa kwanza wa Sofia ulinifikia siku ya nne. Nilikuwa nimetoka mjini kuelekea Rwamagana, asubuhi, barabara kavu, na niliamini kabisa kwamba naenda 60 kama kibao kilivyosema. Simu ikalia mfukoni. Niliposimama kuisoma nikakuta nilikuwa nimepita kamera kwa mwendo wa 74.

Kwa wasomaji wa nje ya Rwanda, Sofia si mtu. Ni jina tulilozipa kamera za kupima mwendo zilizosimamishwa kando ya barabara zetu. Hakupigii kelele, hakusimamishi, habishani nawe. Anakupiga picha na kukutumia faini kwenye simu. Kwa miaka saba niliyoendesha pikipiki ya cc 200 sikuwahi kupata hata ujumbe mmoja, kwa sababu pikipiki ile ikifika 74 inatetemeka kama mashine ya kusaga na unajua. Hii mpya ikiwa 74 ni kama imesimama. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuihusu, na limenigharimu fedha.

Ni Honda NT1100, pikipiki iliyotengenezwa kwa safari ndefu za lami. Injini ina silinda mbili na cc 1,084, nguvu za farasi 102, gia sita. Uzito wake ni kilo 238 ikiwa na mafuta, tenki ni lita 20.4. Pembeni ina masanduku mawili magumu yenye kufuli, lita 33 kushoto na lita 32 kulia. Mbele kuna kioo cha kuzuia upepo ambacho unakipandisha au kukishusha kwa mkono katika ngazi tano. Jamaa yangu aliye Ubelgiji aliinunua huko, ikapanda kontena la kuchangia hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha lori hadi Magerwa hapa Gikondo. Siku niliyolipa ushuru na VAT ya asilimia 18 nilikaa ndani ya gari la mdogo wangu kwa muda kabla sijaweza kusema neno. Jumla ya fedha zile, nilivyopiga hesabu usiku ule, ilikaribia lori zima la mchele.

Naitaja hesabu hiyo mapema kwa kuwa najua mnaonisoma ni watu wa mipakani, na swali lenu ni lile lile aliloniuliza kila mtu sokoni: umechukua mtaji ukauweka kwenye pikipiki? Ndiyo. Mimi nauza mchele. Lori zima la mchele sasa limeegeshwa uani kwangu, limefunikwa turubai, na mama yangu mzazi kila akipita analitazama pembeni bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Niseme kidogo kuhusu mjini, maana pikipiki ya aina hii na milima ya Kigali si marafiki wa siku moja. Ikishaanza kutembea, uzito unapotea; inapinda kona kwa wepesi ambao sikuutegemea. Taabu ni kuisimamisha. Kigali mahali tambarare pa kuegesha ni bahati, na kilo 238 zikianza kuegemea upande usiofaa, mguu mmoja wa binadamu hauzizuii. Nimeiangusha mara moja, mbele ya geti langu mwenyewe, kwenye changarawe ya mteremko, nikiwa nimesimama kabisa. Wamotari watatu waliacha pikipiki zao wakaja kuinyanyua. Hawakucheka hadi walipohakikisha sijaumia, kisha wakacheka sana. Tangu siku hiyo naegesha pua ikielekea juu, nikiiacha kwenye gia ya kwanza.

Pia inatoa joto. Kwenye taa za barabarani feni ya rejeta inaanza kuzunguka na kukupulizia upepo wa tanuri kwenye magoti. Kwenye foleni ya Nyabugogo saa kumi na moja jioni nilitamani ile cc 200 yangu.

Wamotari ndio walionihoji kwa umakini kuliko watu wote. Huwezi kusimama dakika mbili bila kuzungukwa. Swali la kwanza ni bei, la pili ni mafuta. Nikiwaambia lita moja kwa takriban kilomita 20 wanatikisa kichwa, maana za kwao zinakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye pikipiki ya umeme aliniuliza swali zuri zaidi: "Mama, kwa nini hukuchukua ya umeme?" Ana haki. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara hiyo hapa Kigali mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kubeba abiria katika jiji hili. Anabadilisha betri kwenye kituo na kuendelea na kazi. Nilimjibu kwamba mimi nakwenda Kahama. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hapo sawa."

Kahama, kwa kweli, ndiyo sababu ya yote haya.

Miezi michache iliyopita nilinunua mchele kwa simu. Dalali ambaye nimefanya naye kazi muda mrefu alinitumia picha na sampuli ya kilo mbili kwa basi, sampuli nzuri, punje ndefu, haina chenga. Lori lilipofunguliwa hapa Kigali, magunia ya juu yalikuwa yale ya sampuli. Ya katikati kwenda chini yalikuwa chenga tupu, na mengine yamelowa. Sitaki kumtaja mtu. Mwenye kosa tulishazungumza. Ila niliapa kwamba sitalipia tena mchele ambao sijauingiza mkono mwenyewe. Na anayefanya kazi hii anajua kwamba bei ikitajwa una siku moja, ukibahatika mbili. Kwa basi mara nyingi nimefika usiku na kukuta lori limeshafungwa turubai, dereva amelala, magunia hayaoneki.

Kwa hiyo dalali aliponipigia jioni moja kuwa mzigo uko tayari na lori litapakia kesho alasiri, nilimwambia asiruhusu gunia moja lipande kabla sijafika. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani.

Kutoka Kigali hadi Rusumo ni kama kilomita 165, kupitia Rwamagana, Kayonza, Ngoma na Kirehe. Lami nzuri, kona nyingi, na mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni 80. Hapa ndipo nilipokielewa chombo changu. Kina kidhibiti mwendo, kitufe kidogo upande wa kidole gumba: unakiweka 78, unaachia mkono wa mafuta, na pikipiki inashikilia 78 yenyewe, kupanda na kushuka. Katika nguvu zote 102 nilizozilipia, kitufe hicho ndicho kilichonifaa zaidi upande huu wa mto. Tangu nianze kukitumia Sofia hajaniandikia.

Nguvu yenyewe inaonekana kwenye kupita malori. Mnajua jinsi ilivyo kukaa nyuma ya tela linalopanda mlima kwa mwendo wa miguu, moshi usoni, huku ukisubiri nafasi ambayo ikija ni fupi. Kwa pikipiki ndogo nafasi hiyo ni bahati nasibu. Unaanza kupita, mlima unakunyima pumzi, na mbele inatokea taa. Kwa hii, unatazama, unaona barabara tupu, unapita, umesharudi upande wako na bado una muda wa kurekebisha kioo. Nilihesabu malori 19 kabla ya Kirehe. Sikubahatisha hata moja. Breki nazo ni hivyo hivyo: mbuzi aliyekatiza njia karibu na Ngoma yuko hai kwa sababu ya ABS, na mimi pia.

Rusumo nilifika saa moja na nusu. Tangu kituo cha huduma kwa pamoja kilipozinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais Kagame na Rais Magufuli, anayetoka Rwanda anavuka daraja la Kagera na kumalizana na nchi zote mbili katika jengo moja upande wa Tanzania. Foleni haikuwa kubwa. Kilichonichelewesha ni kadi ya njano.

Mtajua tatizo lilipo. Kwetu Rwanda "karti jone", yaani kadi ya njano, ni hati ya umiliki wa chombo. Kwa majirani, ukisema kadi ya njano unamaanisha bima ya COMESA, ile inayokukinga usipomudu kulipa uliyemgonga nchi ya watu. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo katika mpango huo wa bima. Kijana wa dirishani aliniomba kadi ya njano, nikampa karti jone. Akaitazama, akanirudishia, akaomba tena kadi ya njano. Tulikwenda hivyo mara tatu, kila mmoja akimwona mwenzake mgumu wa kuelewa, hadi mzee mmoja wa clearing aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mpe zote mbili, mama." Nilikuwa nazo zote. Lakini nimewaona waliorudishwa Kigali kwa kuamini kwamba moja inatosha. Chukueni zote mbili, na hakikisheni ya umiliki ina jina lenu. Chombo chenye jina la mtu mwingine kinataka barua yake.

Walipokuja kuikagua nje, kijana yule alibadilika kabisa. "Shikamoo mama. Hii mashine ni ya kwako kweli?"

"Marahaba. Jina si umelisoma sasa hivi?"

Akacheka, akaomba kupiga picha. Masanduku yangu aliyafungua: nguo za kubadili, koti la mvua, mifuko ya plastiki ya sampuli, mizani ndogo, vifaa vya kuziba pancha. Hakuna cha kutoza. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: usukani wa kulia au kushoto? Mnajua mateso ya magari. Gari la usukani wa kulia ulilolipenda Dar ni shida kulisajili Kigali. Pikipiki usukani wake uko katikati. Katika jumuiya yetu hii, ambayo nusu tunaendesha kulia na nusu kushoto, sijui chombo kingine kisicho na uraia kama hiki.

Usukani hauna uraia, lakini macho yangu yanao. Hapa niseme pole pole, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Ukivuka Kagera unahamia kushoto. Pale mpakani si shida. Kuna alama, kuna askari, akili iko macho. Nilikwenda vizuri hadi Benaco, nikajaza mafuta, nikanywa chai na chapati, nikasogeza saa mbele kwa saa moja kama inavyotakiwa. Nikapanda, nikatoka kituoni. Barabara ilikuwa tupu, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukaipeleka pikipiki kulia. Sikuhisi kosa lolote. Nilikuwa hata nimeshapanda hadi gia ya tatu nikifikiria bei ya mchele, na tela likaja limenielekea uso kwa uso, taa zinawaka mchana.

Yule dereva aliniona kabla sijamwona. Alipiga honi ndefu na kuanza kushika breki. Mimi nilikamata breki zote mbili, pikipiki ikakaa chini bila kuyumba, nikakata kushoto mbele ya bampa lake hadi kwenye vumbi la pembeni. Tulisimama wote wawili. Aliteremsha kioo. Nilitegemea matusi, na nilistahili. Alinitazama, akatazama namba ya Rwanda, akasema tu, "Mama, huku ni kushoto."

Nilikaa chini kandokando ya barabara kama robo saa. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kufungua helmeti. Nimevuka mpaka huu miaka mingi, lakini kwenye basi, nikiwa nimelala. Mazoea ya dereva hayakuwa yangu. Na mashine yenye nguvu haikusubiri nigundue kosa: cc 200 ingekuwa bado inajikokota gia ya pili. Sasa nina utepe mwekundu niliofunga kwenye kishikio cha kushoto. Nikivuka Rusumo au Gatuna naufunga, nikirudi naufungua. Madereva wa malori watanicheka, wao wana miaka ishirini ya kubadili upande. Wacheke.

Kilichofuata ni kilomita 92 za Rusumo hadi Lusahunga, au zilizobaki kati ya hizo, na anayezijua hahitaji maelezo. Mashimo, vumbi, lami iliyokatika kama mkate, malori yakitafuta njia kila upande. Hapa nakiri kosa la ununuzi. Hii ni pikipiki ya lami. Magurudumu yake ni ya inchi 17, madogo kwa mashimo yale, na tumbo lake liko chini. Nilitumia karibu saa mbili, nikisimama kwenye vikanyagio kama mpanda punda, na mara moja nilisikia chini kitu kimegonga, nikanyamaza kama anayemsikia mwanawe akidanganya. Honda hao hao wana Africa Twin, yenye injini ya ukubwa ule ule, gurudumu la mbele la inchi 21 na miguu mirefu. Ningeulizwa leo ningechukua hiyo. Wanaokwenda Kampala kwa Gatuna hawana haja nayo; wa Kahama wafikirie.

Baada ya Lusahunga barabara inafunguka: Nyakanazi, Runzewe, Ushirombo, Masumbwe. Upande huu hakuna Sofia, kuna tochi, askari wa usalama barabarani na kifaa chake mkononi, mara nyingi palepale kijiji kinapoanza na 50 inapoanza. Kidhibiti mwendo tena. Nje ya vijiji niliiruhusu kidogo. Sitaandika ilifika ngapi. Nitasema kwamba kioo cha mbele kikiwa juu kabisa nilikuwa nasikia pumzi yangu, na kwamba kwa dakika kama kumi sikufikiria mchele, mkopo wala mama yangu.

Kahama niliingia saa tisa na nusu alasiri. Lori lilikuwa wazi na magunia chini. Niliomba ngazi, nikaomba bambo, nikachoma gunia moja moja, juu, kati na chini. Nilitafuna punje hadi meno yakauma. Magunia 31 niliyakataa: mengine chenga, mengine unyevu ambao ungeota ukungu kabla ya kuvuka Kagera. Dalali hakufurahi, ila hakubisha, kwa kuwa alikuwa ananiona. Yakaletwa mengine. Saa moja usiku lori likafungwa turubai mbele yangu.

Nimepiga hesabu ya magunia 31 mara kadhaa. Ukiyatoa kwenye hasara ambayo ningeipata, ukaongeza nauli za basi, ukaondoa petroli, faini ya Sofia na bima, pikipiki imerudisha sehemu ndogo sana ya gharama yake. Mtu mwenye busara angesema ungepanda basi siku moja kabla, na ni kweli, kama dalali angepiga siku moja kabla. Dada mmoja tunayeuza naye vitenge na mchele aliniambia waziwazi kwamba anaona nimenunua raha na kuipa jina la biashara. Sikumbishia sana. Sehemu yake ni raha. Wiki mbili baadaye nilikwenda Gatuna kufuata karatasi tu, na kule juu Gicumbi ukungu na baridi vilinifanya niwashe vishikio vyenye joto, kitu nilichokuwa nimekicheka nilipokisoma kwenye kitabu chake. Vidole vilipopata moto nilijikuta naimba ndani ya helmeti. Nauli ya basi haina hicho.

Matengenezo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Oili ya kilomita 1,000 nilibadilisha Gatsata, kwa filta niliyoletewa pamoja na pikipiki kutoka Ubelgiji. Fundi ni stadi, lakini alikuwa mkweli: oili na mnyororo ataniwekea, breki ataniangalia, kikiharibika chochote chenye waya nisimletee. Tairi la nyuma la upana wa 180 nimezunguka duka kwa duka sijalipata, na kwa uzito huu na lami yetu sitegemei limalize mwaka. Nimeagiza, naambiwa wiki sita. Anayefikiria kununua chombo kama hiki aagize tairi na filta siku ile ile anayolipia pikipiki, aziweke stoo kama akiba ya mahindi.

Jana jioni mama yangu alitoka uani, akasimama karibu na turubai, akauliza kama mtu wa pili anaweza kukaa. Nikamwambia kiti cha nyuma ni kipana kuliko cha kwangu. Akasema ana dada yake Kayonza hajamwona tangu mwaka jana. Nimeshanunua helmeti ya pili. Tunasubiri mvua zipungue.